Siku moja na pweza wa Deep Sea

Saa 12 asubuhi niko soko la Deep Sea, Tanga, ndoo ya barafu mkononi. Ni siku za bamvua, pweza hawakosekani.

"Shikamoo mama. Nipe huyo, mzima. Usimpasue."

"Marahaba. Unakwenda kumuunguza tena kwa asidi? Israfu hiyo, mwanangu."

Namtaka mzima kwa sababu kadimi, metali yenye sumu ninayoisaka, hujikusanya kwenye ini kuliko kwenye minyiri. Akipasuliwa ovyo, maji ya ini yanagusa nyama na jibu linaharibika. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 1 ya kadimi kwa kilo ya pweza aliyetolewa matumbo. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu 2.

Saa 2 nakata kwa kisu cha kauri, maana cha chuma kinaweza kuacha metali yake. Nyama gramu chache, asidi ya naitriki, jiko la umeme, kabati la kuvuta moshi. Halafu kungoja. Watu wakisikia habari za kihisio, kifaa changu cha kupimia metali, wanadhani unamdunga samaki, namba inatokea. Wapi! Kadimi imeng'ang'ania protini. Mpaka nyama yote iyeyuke na maji yawe maangavu, kihisio hakioni kitu.

Saa 4, chai na mihogo.

Saa 6 umeme unakatika, jiko linapoa. Kipimo chenyewe hakijali, kinakula chaji ya kompyuta, na hapo ndipo kinapoishinda mitambo mikubwa inayodai gesi ya argoni na kiyoyozi. Ila asidi haichemki kwa betri ya laptopu. Saa nzima nimekaa.

Saa 9 ndiyo kazi tamu. Kihisio ni kipande chembamba chenye elektrodi tatu, yaani ncha za kupitishia umeme, zilizochapwa kwa wino. Natia bafa ya asetati, maji ya kushikilia uchachu usibadilike, ya pH 4.5, na metali ya bismuthi kidogo. Zamani ilikuwa zebaki, na siikumbuki kwa wema. Naweka volti hasi 1.2 kwa dakika 2 huku maji yanakorogwa: kadimi na risasi, metali ya pili ninayoisaka, zinajipaka kwenye elektrodi pamoja na bismuthi. Kisha naipandisha volti, na kila metali inabanduka kwa zamu yake, kadimi kwenye hasi 0.8 hivi, risasi kwenye hasi 0.55 hivi. Ikibanduka, mkondo unachora kilima kwenye skrini. Kilima kirefu, metali nyingi.

Pweza ana kisirani chake lakini. Damu yake hubeba oksijeni kwa shaba, na shaba hiyo inagombania nafasi na bismuthi hadi kilima cha risasi kinadumaa. Shaba hiyo naifunga kwa kemikali ya ferosianidi. Bado simwamini: naongeza kadimi na risasi ya kiasi ninachokijua kwenye sampuli ileile, nione vilima vinakua kwa kiasi gani, ndipo napiga hesabu.

Saa 11 jibu liko mezani. Minyiri iko chini ya kikomo kwa metali zote mbili. Ini, kilima cha kadimi kimetoka nje ya skrini, nimelazimika kulizimua. Nampigia mama.

"Nyama haina neno, mama. Matumbo tu asile mtu."

"Nani ale matumbo? Vijana wanayachukua chambo."

"Chambo cha nini?"

"Cha chewa."

Kwenye daftari, mstari wa kesho: chewa, mzima, asipasuliwe.