Bila ile video tungeambiwa George Floyd aliugua tu

Kila maandamano ya Marekani ya 2020 yakitajwa lazima atokee mtu aseme "sasa mbona walichoma maduka". Ni kweli walichoma, na mimi sifurahii duka la mtu kuungua, kuna watu mji wa Minneapolis walipoteza kila kitu na hawakumkosea mtu. Ila naomba kwanza tuiangalie ile taarifa ya mwanzo ya polisi kuhusu kifo kilichoanzisha maandamano yale.

George Floyd, mwanaume mweusi, kafa Minneapolis mikononi mwa polisi tarehe 25 Mei. Taarifa ikatoka, mwanaume kafariki baada ya kupata tatizo la kiafya akiwa mikononi mwa polisi. Basi. Goti la askari halimo, shingo iliyokandamizwa haimo, zile dakika tisa na ushee za mtu kulazwa kwenye lami na pingu mikononi, anasema hapumui, anamwita mama yake, hazimo, na chanzo chenyewe ni noti ya dola 20 iliyodhaniwa feki. Lingeishia hapo hapo kama si binti wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyesimama na simu yake akarekodi. Pembeni kulikuwa na dada wa zimamoto, siku hiyo hayuko kazini, anawaambia askari mpimeni mapigo jamani, anaomba asaidie, wanamfukuza. Yaani msaada ulikuwepo, hatua chache tu!

Halafu fuata tarehe. Tarehe 26 Derek Chauvin, askari mwenye lile goti, kafukuzwa kazi lakini bado yuko huru, watu wameshajaa barabarani. Tarehe 28 usiku kituo cha polisi kikachomwa. Tarehe 29 ndo akakamatwa, na askari wenzake watatu wakasubiriwa mpaka Juni 3 ndo washtakiwe. Sisemi moto ndo uliomkamata, nasema hata na video ile dunia nzima imeiona, bado ilibidi watu wapige kelele. Mwaka uliofuata Chauvin akahukumiwa miaka 22 na nusu jela.

Sasa Breonna Taylor, ambaye hana video kama ile. Miaka 26, anafanya kazi hospitali, polisi wa mji wa Louisville wakavunja mlango wake usiku wa Machi 13 mwaka huohuo wa 2020 wakamuua kwa risasi. Septemba jopo la mahakama likamshtaki askari mmoja tu, tena kwa risasi zilizopenya nyumba ya jirani. Kwa kifo chake yeye, hakushtakiwa mtu siku ile. Jioni hiyohiyo watu wakarudi barabarani, wangefanya nini kingine jamani.