Nilivyopasua jiwe la moto kwa maji ya barafu huku limebanwa

Jiwe la moto ukilimwagia maji baridi likiwa limekaa tu mezani linapasuka kweli, ila nyufa zinaenda hovyo kila upande. Mi nilitaka kuona linapasukaje likiwa limebanwa, maana chini ya ardhi jiwe linabeba mzigo wa mawe mengine, na sehemu kama Ngozi kule Mbeya tunakotafuta jotoardhi, maji baridi yakishushwa kisimani yanakutana na jiwe la moto lililobanwa hivyohivyo.

Kazi ilikuwa kulibana likiwa bado la moto. Ukilifunga na bolti za chuma kwenye oveni, chuma kinatanuka kuliko jiwe, bolti zinalegea, mzigo unapotea. Nikaona bora mashine ya kuvunjia kyubu za zege, ile inayobana kutoka juu na chini, nikapata nafasi kwenye maabara moja hapa Dar. Nikachukua jiwe gumu la Lugoba, lile la kokoto, nikalikata kyubu, nikatoboa tundu la kulala katikati, nikalipasha mpaka nyuzi 250 taratibu sana kwa sababu ukiharakisha linapasuka humohumo ndani, na nyuzi 573 usizikaribie kabisa maana hapo kwatzi, madini yaliyomo ndani ya jiwe, inabadilika na kuvimba. Nikalivika blanketi la kuzuia joto, likaingia kwenye mashine, mzigo ukapanda, nikafungulia maji ya barafu kwa mpira kupitia tunduni. Barafu nilinunua Feri, ile ya samaki. Mwanzoni unatoka mvuke mtupu, kwa hiyo upande wa pili acha wazi na usisimame mbele yake.

Fundi wa maabara akasema, "Dogo, nyamaza usikilize." Tik, kimya, tik tik.

Lilipopoa nikalifuta na kitambaa kibichi nikasubiri. Uso unakauka haraka lakini ufa unabaki na maji, unauona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Ulianzia juu na chini ya tundu ukafuata njia ya mzigo, pembeni karibu hakuna kitu! Nilifurahi mno, maana ndivyo inavyotakiwa: ngozi ya tundu ikipoa inataka kusinyaa, jiwe la nyuma bado la moto linaikatalia, inavutika, na jiwe likivutwa halina nguvu kabisa, kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake likibanwa. Mzigo nao unavuta juu na chini ya tundu, pembeni unabana.

Ukijaribu, tenga kyubu nyingine uipashe vilevile ila iache ipoe polepole bila maji, halafu pima mwendo wa mawimbi ya sauti kwenye zote mbili kabla na baada, maana penye nyufa sauti inapita polepole zaidi, utajua nyufa zipi zimeletwa na kupasha na zipi ni za maji.