"Huo ni mfano tu, mama"

Mkutano mkuu wa kikundi chetu cha mikopo umepita, viongozi wapya wamepatikana. Ila kinachonizunguka kichwani ni kauli ya katibu: "Huo ni mfano tu, mama."

Mkopo ulikuwa umeelezwa kwa mfano wa kupanga vyumba, na bibi yetu wa benchi la nyuma alikuwa ameuliza: "Ufunguo nimesharudisha. Mbona kodi ya chumba kile bado nadaiwa?"

Mfano tu! Mkopo ni shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 10 kwa mwaka. Waambie wanachama "riba inakokotolewa kwenye mkopo wa awali", wataitikia kwa kichwa na kusaini. Waambie ni kama kupanga vyumba 12, kila kimoja kodi yake 833 na senti kwa mwezi, na kila mwezi unarudisha ufunguo wa kimoja, yaani 100,000 ya mkopo. Mwezi wa kwanza unalipa 10,000, sawa. Mwezi wa saba umebakiwa na vyumba sita, kodi yake ni 5,000, lakini kikundi kinadai 10,000 ileile. Mwaka ukiisha umetoa riba ya 120,000 badala ya 65,000.

Vyumba vinafuata marejesho. Mkopo wa miezi minane, vyumba vinane, la sivyo hesabu haikubali. Anza na "ni kama". Wakishaingia ndani, "kama" iache, useme vyumba na funguo tu. Picha moja inatosha kwa mada. Mwezeshaji anayeita mkopo mbegu, kisha mzigo, kisha daraja, anawaacha watu wakikumbuka daraja bila kujua wanadaiwa ngapi. Tena takwimu ziandikwe ubaoni wakati picha ingali hai, si baada ya chai. Kwenye faini za kuchelewa rudi kwenye tarakimu kavu, maana vyumba havina jibu hapo.

"Huo ni mfano tu, mama." Nimeirudia mpaka hasira imeniisha, sasa inanichekesha. Katibu hakuwa na jibu jingine! Bibi hajui asilimia, lakini amepangisha miaka mingi. Kwa lugha ya katiba ya kikundi asingeuliza kabisa. Na waliokaa karibu naye walianza kupiga hesabu kwenye simu.