Ufunguo wa Vitabu Vyangu Ulikuwa Nzega

"Nani mwenzangu?" aliuliza mzee upande wa pili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamweleza kwamba namba anayotumia zamani ilikuwa yangu, na kwamba dakika 2 zilizopita umeingia kwake ujumbe wenye tarakimu 6. Naomba anisomee.

Kimya kidogo. Halafu: "Binti, mimi hapa Nzega nimeshatumiwa sana zile za 'hela tuma kwenye namba hii'. Sasa mmekuja na hii?" Akakata.

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningekata mapema zaidi.

Mimi ni mtafsiri, naishi Mwanza. Tangu 2018 nimekuwa nikinunua vitabu pepe vya kazi: kamusi za fani, vya sheria, vya afya ya jamii. Ukiagiza nakala ya karatasi kutoka nje, usafirishaji unaweza kukugharimu kuliko kitabu chenyewe. Mwezi wa tatu mwaka jana kishikwambi changu kiliniponyoka nikishuka daladala Buhongwa, kioo kikapasuka, na hakikuwaka tena. Niliumia lakini sikuogopa. Vitabu si viko kwenye akaunti yangu ya duka? Nitaingia kwa simu, niendelee nilipoishia.

Akaunti ikakubali nenosiri, kisha ikataka tarakimu ilizotuma kwenye laini yangu ya zamani. Laini hiyo nilikuwa nimeitupia kwenye droo zaidi ya mwaka bila kuiwekea vocha. Mtandao wa simu ukaifunga, ikaenda kwa mwingine. Ndipo nikampigia huyo mwingine.

Kilichoniuma hasa si vitabu. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi baada ya siku 10, mwongozo wa wakunga wenye kurasa 140, na maamuzi yangu yote ya istilahi nilikuwa nimeyaandika pembeni mwa kitabu kimoja cha wakunga humo ndani: wapi naandika "kondo la nyuma", wapi naacha "plasenta", neno gani wakunga wenyewe waliniambia wanalitumia wodini. Kazi ya miezi, na sasa nimesimama nje ya mlango kama mgeni.

Nikaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. La pili lilitaka namba za oda. Hapo nilishukuru tabia yangu ya kutofuta barua pepe: nilitafuta neno moja tu la risiti, zikaja zote 61, kuanzia ya kwanza ya dola 7. Nilipojumlisha, ilikuwa kama shilingi 1,400,000. Nikazituma zote kwa mkupuo. Siku ya 12 wakabadilisha namba, nikaingia. Mwongozo wa wakunga nilishaukabidhi, siku 2 kabla, istilahi nikiwa nimezitafuta upya usiku kwa usiku.

Ndani nikakuta vitabu 57. Vinne vilikuwa na jalada la kijivu na maneno kwamba havipatikani tena katika nchi yangu. Nikauliza, nikajibiwa kwa adabu kwamba haki za kuviuza zimebadilika, na kwamba wameniwekea salio la dukani la thamani hiyo hiyo.

Ndipo nikasoma masharti niliyoyabofyea "Nakubali" 2018 bila kuyatazama. Neno "nunua" lilikuwa kwenye kitufe tu. Kwenye masharti lilikuwepo neno "leseni", mara nyingi kuliko nilivyojali kuhesabu. Yaani nilichokuwa nalipia ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa hutolewa na mwenye mali, akitaka huiondoa.

Na si mimi wa kwanza. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea, za wateja, kimojawapo ndicho kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Watu walirudishiwa hela na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani, lakini mwanafunzi mmoja wa sekondari, aliyekuwa ameandika maelezo yake ya shule humo, alikwenda mahakamani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe, na vitabu vikazimika kwa kila mteja. Ilirudisha hela, na waliokuwa wameandika maelezo pembeni ikawaongezea dola 25. Niliposoma hiyo dola 25 nilicheka peke yangu. Angalau kuna mtu alifikiria kwamba maandishi ya pembeni yana bei.

Jumamosi moja nikakaa na kompyuta na chai ya rangi, nikaanza kushusha kitabu kimoja kimoja. Vitabu 19 vilishuka kama faili kamili za EPUB, aina ya faili ya vitabu pepe, bila kufuli ya kuzuia kunakili, kwa sababu wachapishaji wake hawakutaka kufuli. Vingine 38 vilinifurahisha bure. Vilishuka haraka mno, na nilipoangalia ukubwa nikakuta kilobaiti 2. Hicho si kitabu. Ni kikaratasi cha kuiambia programu nyingine ikaombe kitabu, nayo programu hiyo inataka akaunti yake yenyewe. Duka likifa, au programu ikifa, una kikaratasi.

Mpwa wangu, anayejua kompyuta kuliko anavyojua kuosha vyombo, akasema anaweza kuvunja hizo kufuli, tena kwa dakika chache. Huko Marekani sheria ya 1998 inakataza kuzivunja, mara nyingi hata kwa kitabu ulicholipia, na wapo wengi wanaoona sheria hiyo ni ya uonevu. Mimi nilimkatalia, si kwa ushujaa wowote. Nakula kwa haki za watunzi, na wachapishaji wengine wa vitabu hivyo ndio wanaonilipa. Nikaamua kuwaandikia. Mmoja, kampuni ndogo, alinitumia EPUB safi jioni ile ile baada ya kuona risiti. Wengine kimya. Kile cha wakunga nilikinunua upya, cha karatasi, kwa uchungu.

Maelezo ya pembeni niliyanakili yote kwa jioni tatu, kitabu, sura, neno, uamuzi wangu, kwenye jedwali la kawaida lisilo la duka lolote. Faili 20 nilizonazo nimezipanga kwa Calibre, programu ya bure, nakala moja kwenye flashi na nyingine kwa dada yangu Musoma.

Siku hizi kabla ya kununua natafuta kwanza maelezo yanayosema kitabu hakina DRM, yaani hiyo kufuli. Nikikosa maelezo, nanunua kimoja cha bei ndogo cha mchapishaji huyo, nakishusha, nazima data, nakihamishia kwenye kifaa kingine. Kikifunguka, narudi na hela zaidi. Baadaye niligundua kwamba California wana sheria inayopita humo humo: tangu Januari 1, 2025 muuzaji haruhusiwi kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni, isipokuwa kama mteja anashusha faili analoweza kulitumia daima bila mtandao. Vya kusoma mara moja na kusahau, kama riwaya za upelelezi, naendelea kuvinunua vyenye kufuli bila kinyongo. Bei yake ni ndogo na sitavirudia.

Yule mzee wa Nzega alinipigia mwenyewe, miezi kadhaa baadaye. Duka lilikuwa bado linamtumia SMS za punguzo, ingawa namba waliibadilisha, na mjukuu wake alimsomea ikaonekana kweli ni la vitabu.

"Kumbe hukuwa tapeli," akasema. "Walikurudishia vitabu vyako?"

"57, mzee. Vinne vimepotea, wamenipa salio."

"La kutolea kwa wakala?"

"La kununua vitabu vingine."

"Kwao?"

"Kwao."

Akacheka mpaka akakohoa.