Kiazi cha mkalamu hakiwekwi jikoni

Anayetaka kuotesha mkalamu, mmea wa maua unaotambaa (wataalamu huuita Gloriosa superba), aanze kukijua kiazi chake. Kina umbo la V, mfano wa vidole viwili vilivyoshikana. Kwenye ncha ya kila kidole pana jicho moja tu. Jicho likivunjika, kidole hicho hakichipui tena, hata ukimwagilie maji mwaka mzima. Wengi hulaumu mbegu, kumbe jicho lilivunjikia mfukoni njiani.

Panda Machi, masika haijashika. Kilaze kiazi ubavu, kina cha sentimita 5 hadi 8, na baina ya kiazi na kiazi acha sentimita 30. Kichanga sehemu mbili kwa sehemu moja ya samadi iliyooza kinatosha. Udongo unaotuamisha maji utakiozesha. Ukipanda kwenye ndoo, itoboe chini.

Egemeo lisimamishwe siku hiyo hiyo ya kupanda, maana fito ikija kuchomekwa baadaye hupasua kiazi. Na liwe jembamba. Mkalamu hupanda kwa majani: ncha ya jani hurefuka kama mkia wa mjusi, ikigusa kitu hujikunja na kukizunguka mara mbili tatu. Boriti ya mkoko ni nene mno kwake, ncha zitapapasa tu, kisha upepo wa kusi uulaze mti wote chini. Mpe kamba nyembamba ya usumba au waya wa kuku, mita mbili kwenda juu. Machipukizi machanga yalindwe na konokono.

Ua likifunguka, petali zake sita hupinda nyuma, njano shinani na nyekundu juu, na kila siku wekundu unazidi. Zimbabwe wamelifanya ua lao la taifa, na wana haki.

Maua yakiisha, usikate mmea ungali kijani. Kiazi cha zamani hunyauka, na wakati huo ndio vipya vinajaa. Majani yakishakauka, acha kumwagilia.

Sasa sumu. Mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi na mbegu ndivyo vikali zaidi. Kupika hakuiondoi. Kiazi kikichimbwa hufanana na kiazi kikuu kichanga, na hapo ndipo msiba unapoingia, kwa hiyo usiupande konde moja na viazi vya kula. Mbegu nyekundu huwavutia watoto. Kata matunda kabla hayajapasuka. Vaa glavu unapochimba, na mabua usiwatupie mbuzi.

Aliyekula huweza kukaa saa kadhaa hana kitu, kisha koo likaungua, akatapika na kuharisha sana. Usingoje dalili. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue kipande cha mmea daktari akione.

Viazi vya kupanda mwakani vihifadhi kwenye mchanga mkavu, ndani ya kopo lenye kifuniko lililoandikwa SUMU, mbali na pakacha la muhogo.