Kabla ya kuthibitisha chuo, kitembelee jioni

Binti wa dada yangu alinipigia simu akiwa na tatizo ambalo wengi wangelitamani. Alikuwa amechaguliwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na pia Chuo Kikuu cha Dodoma, kote kwa kozi ya kompyuta, na alitakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba aliyotumiwa kwenye simu kabla muda haujapita. "Mjomba," aliniuliza, "nataka nisome kweli, lakini sitaki miaka mitatu iishe nikijua njia ya darasani na ya kitandani tu. Niende wapi?"

Sikumjibu siku ile. Kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kinaeleza sifa za kujiunga, nafasi zilizopo na miaka ya kozi, lakini hakielezi ni nani anayebaki chuoni baada ya saa kumi na mbili jioni, na kwangu mimi hilo ndilo swali lenyewe. Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, nenda kavitazame vimbweta, yale mabenchi na meza za zege chini ya miti. Mchana utawakuta wanafunzi wanabishana juu ya mtihani wa mwaka uliopita, daftari moja likizunguka kwa watu watano. Magharibi ikiingia, watu walewale wapo palepale wanazungumzia mpira na bumu, ile pesa ya mkopo wa kujikimu, lililochelewa. Hapo masomo na urafiki havigombanii nafasi. Ndivyo ilivyokuwa hata miaka ya mwisho ya 1960, wakati mwanahistoria Walter Rodney akifundisha pale, ambapo Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, na wanafunzi wenzake waliunda chama chao cha kimapinduzi mwaka 1967 na kuendesha mijadala isiyokuwa kwenye ratiba ya mhadhiri yeyote. (Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1970, kwa hiyo simshauri mpwa wangu aige kila kitu.)

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Chuo nilichosoma sitakitaja, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Nilipanga chumba mbali na kampasi pamoja na marafiki niliotoka nao kidato cha sita, nikiamini kuwa raha iko mtaani. Bumu likitoka tulikula chipsi kuku kwa wiki mbili, kisha tukarudi kwenye wali maharage wa kukopa. Kila jioni, wenzangu walipoanza kukusanyika kwa majadiliano, mimi nilikuwa nawahi daladala. Mwisho wa mwaka nilikuwa na sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, nikaponea chupuchupu kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, na cha ajabu ni kwamba sikuwa nimepata hata rafiki mmoja mpya.

Kwa hiyo nilimwuliza mpwa wangu anaiona wapi siku yake ya kawaida. Akaanza kunielezea Mlimani, ukumbi wa Nkrumah na ile maktaba kubwa iliyozinduliwa mwaka 2018. Ilibidi nimweleze kwamba ndaki ya kompyuta, yaani sehemu ya chuo inayofundisha kozi yake, haiko kilimani, iko Kijitonyama, karibu na kituo cha daladala cha Sayansi. Mahali penyewe si pabaya hata kidogo, na kwa anayetaka kuwa karibu na kampuni za teknolojia huenda ni bora zaidi. Lakini sipo alipokuwa akipaota. Dodoma, kwa upande mwingine, ndaki zimetawanyika juu ya vilima, kila moja ikiwa na mabweni yake jirani, na mwanafunzi anaweza kutoka kwenye majadiliano usiku akarudi kulala kwa miguu. Mji una utulivu kuliko Dar es Salaam, na bahari hakuna.

Alhamisi jioni tulikwenda Kijitonyama, tukakaa nje kwa saa nzima. Wengi walitoka darasani wakiwa na mabegi mgongoni, wakaelekea moja kwa moja kituoni. Usiku ule mpwa wangu alimpigia simu rafiki yake aliyeko Dodoma mwaka wa pili, ilikuwa saa tatu, na alipopokea zilisikika sauti za watu wakicheka na mmoja akisema, "Hapana, anzeni upya hiyo code ya programu, kosa liko mstari wa kwanza."

Asubuhi alithibitisha Dodoma. Mama yake ameshanunua blanketi zito, ingawa nimemwambia kwamba chuo kinafunguliwa wakati wa joto.