Ufunguo wa Sakristia Ukae kwa Nani

Makanisa yanayosali kwa Kiswahili Uganda yanajulikana yalipo: kwenye kambi za polisi na za jeshi, miji ya mpakani kama Busia na Malaba, na makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, ambako Wakongo ni wengi. Yote yanasumbuliwa na jambo moja: watu hawakai. Askari anapata uhamisho, mchuuzi anafuata soko, familia ya mkimbizi inaitwa kwenda kuishi nchi ya mbali. Mwalimu wa sande skuli akiondoka na daftari lake, darasa limekufa. Ndiyo maana huku kwetu kuandaa warithi si habari ya miaka ishirini ijayo. Uhamisho unaweza kutoka mwezi ujao.

Dawa tunayoikimbilia ni kuwapa vijana kwaya na spika. Kwaya ni kazi njema, lakini mtu anaweza kuimba miaka kumi asijue sadaka inahesabiwaje, ubatizo unaandikwa wapi, au mazishi yanaongozwaje siku mchungaji yuko safarini. Kazi zenye uzito wazee wamezifungia kabatini, kisha wanashangaa kwamba kijana wa miaka 24 anajiona mgeni.

Historia ya nchi hii inawasuta. Wamisionari Wakatoliki waliondoka Buganda mwishoni mwa 1882, wakarudi 1885. Katikati hapo waumini waliongozwa na wenzao, wengi wao vijana wa ikulu ya kabaka, mfalme wa Buganda, na Yosefu Mukasa Balikuddembe akiwa mbele. Alipouawa 15 Novemba 1885, Karoli Lwanga alibatizwa siku hiyohiyo akachukua nafasi yake. Mwaka uliofuata ni huyo Lwanga aliyembatiza Kizito, mvulana wa miaka kama 14, kabla hawajauawa Namugongo tarehe 3 Juni. Kila mmoja alikuwa na wa pili wake tayari. Sisi tunaokwenda kuhiji Namugongo kila Juni tunarudi nyumbani na kusema kijana wa miaka 20 bado ni mdogo mno kushika daftari.

Basi anza na orodha ya kazi, si orodha ya watu. Andika kila kazi ya kanisa, hata ya kuwasha jenereta, na mbele yake majina mawili: anayeifanya sasa, na wa pili aliye chini ya miaka 25. Wa pili anaangalia mara mbili, anafanya mara mbili mkubwa akiwa pembeni, kisha anafanya peke yake mkubwa akiwa amekaa na waumini wengine. Hapo kwenye kukaa ndipo wengi hushindwa. Mzee anainuka kusahihisha mbele ya watu, na kijana haji tena. Sahihisha baada ya ibada, mkiwa wawili.

Tuchukue sadaka, maana ndiko kwenye vishawishi. Wahesabu watatu, wasiwe wa nyumba moja, mmoja wao kijana. Ihesabiwe palepale baada ya ibada, kabla kapu halijatoka sakristia, chumba cha kutunzia vyombo vya ibada. Noti zitengwe: elfu hamsini, ishirini, kumi, tano, mbili, moja, kisha sarafu. Kijana aandike idadi ya kila aina, azidishe, ajumlishe, wote watatu watie sahihi, na pesa ziende benki kesho yake. Kinachoharibu mara nyingi si wizi. Ni ile elfu kumi inayochomolewa kumlipa bodaboda aliyemleta mhubiri kabla haijaandikwa. Kijana akiona hivyo mara tatu, amefundishwa, na alichofundishwa ndicho atakachokifanya akiwa mweka hazina. Sadaka ya simu nayo isiingie kwenye laini ya mchungaji: akihamishwa, namba inahama naye, na kumbukumbu zote pia.

Sasa kalenda. Vijana wengi wa sekondari wako bweni, kwa hiyo darasa la kipaimara, yaani la kuthibitishwa katika imani, la kila Jumapili mwaka mzima linafundisha viti vitupu. Fuata mihula. Masomo 12 yanagawanyika vizuri: manne likizo ya Mei, manne ya Agosti na Septemba, manne baada ya shule kufungwa Desemba, mawili kwa wiki. Askofu aombwe aje Januari, kabla hawajarudi shule. Walio kidato cha nne na cha sita usiwapangie jambo Oktoba na Novemba. Wana mitihani ya taifa, na mzazi akilazimika kuchagua kati ya mtihani na kanisa, ninyi mmeshindwa mapema.

Lugha ni kikwazo kingine. Mtoto anasoma shuleni kwa Kiingereza, anacheza kwa Kiluganda au Kiacholi, na Kiswahili anakisikia kambini na kanisani tu. Ukimkabidhi Biblia dakika tano kabla ya somo, atakwama kwenye Nebukadreza, wenzake watacheka, na hutamwona tena mimbarini. Mpe somo Jumatano. Alisome kwa sauti mara tatu, mara moja mbele ya mtu anayejua majina yanavyotamkwa. Mwonyeshe mkao: kipaza sauti shubiri moja toka mdomoni, macho yainuke kila nukta, na akimaliza anyamaze kidogo kabla ya kushuka. Mtihani wa kweli ni bibi wa benchi la nyuma: amesikia au hakusikia?

Daftari la ubatizo ni kazi inayowafaa sana vijana wenye mwandiko mzuri. Namba, tarehe, jina, wazazi, wasimamizi, aliyebatiza. Kwa wino, bila kufuta. Kila mwisho wa muhula kijana apige picha kurasa mpya na nakala itunzwe mahali pengine, kwa sababu mchwa na paa linalovuja hawana heshima. Kwa Wakatoliki, msimamizi awe ametimiza miaka 16 na amepata kipaimara, na kijana mwandishi akilijua hilo atakuokoa na aibu asubuhi ya ubatizo.

Kazi hizi zote zinawakutanisha watoto na watu wazima, kwa hiyo sharti liwekwe tangu siku ya kwanza: mafunzo yafanyike mlango ukiwa wazi na wakubwa wawili wakiwepo, na kwenye mkesha asiwepo mtoto anayesindikizwa na mtu mzima mmoja tu. Namba 116 ya Sauti, simu ya kupokea taarifa za watoto wanaodhulumiwa, ibandikwe ukutani ambapo watoto wenyewe wanaisoma, chini kidogo ya usawa wa macho ya mzee wa kanisa.